Mwongozo Kamili wa Lishe ya Mgonjwa: Kuanzia Umri Wake hadi Sahani Inayorudi Jikoni

Agizo la mlo huandikwa kwa maneno machache kwenye faili: "mlo wa kisukari", "asipewe chumvi", "mlo laini". Ni rahisi kudhani kwamba kazi imekwisha pale maneno hayo yanapoandikwa, ilhali hayamwambii mpishi ni kiasi gani kipakuliwe, hayamwambii muuguzi ni nani wa kumsaidia mgonjwa kushika kijiko, wala hayaonyeshi kama mwili unaopewa agizo hilo ni wa mtoto anayekua, wa mama mjamzito au wa mzee ambaye misuli yake inaendelea kuisha. Mwongozo huu umekusudiwa wauguzi, wanafunzi wa fani za afya na yeyote anayemhudumia mgonjwa kwa muda mrefu. Unaanza na umri, unapita kwenye vipimo na mahesabu, na ndipo unapofika kwenye ugonjwa. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa kuwa mlo wa tiba uliopangwa kwa kuutazama ugonjwa peke yake mara nyingi humnyima mgonjwa chakula alichokihitaji ili apone.

Hatua ya 1: Tambua mgonjwa yuko katika kipindi gani cha maisha

Kwa mtoto mchanga, Shirika la Afya Duniani linaelekeza anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee bila hata maji hadi atimize miezi 6, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Umri wa miezi 6 una maana yake: akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua, na maziwa peke yake hayatoshelezi tena. Kati ya miezi 6 na 8 mtoto huhitaji milo 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 hadi 23 milo 3 hadi 4 pamoja na kitafunio kimoja au viwili. Chakula kiwe kizito kiasi cha kutomiminika kwenye kijiko, kwa sababu tumbo dogo hujazwa upesi na maji yasiyo na nishati. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulismu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuzidhibiti. Mtoto anayeumwa aendelee kunyonya, na ikiwezekana anyonye mara nyingi zaidi. Baada ya kuharisha, aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili ili arudishe alichopoteza.

Kijana aliye katika kubalehe hukua kwa kasi, na mifupa yake hujengwa zaidi katika miaka hiyo kuliko wakati mwingine wowote. Kiwango cha kalsiamu kinachopendekezwa na wataalamu wengi kwa umri wa miaka 9 hadi 18 ni miligramu 1,300 kwa siku. Msichana aliyeanza hedhi huhitaji pia madini ya chuma zaidi.

Mjamzito anahitaji miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Asidi ya foliki inafaa ianze kabla ya mimba kutungwa, kwa sababu mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Dhana ya kula kwa ajili ya watu wawili haina msingi katika miezi mitatu ya kwanza. Nyongeza ya nishati ni takriban kilokalori 340 kwa siku katika miezi mitatu ya kati na 450 katika miezi mitatu ya mwisho. Anayenyonyesha naye ana mahitaji makubwa, ingawa mara nyingi ndiye anayesahauliwa mara tu mtoto anapozaliwa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, viwango vinajulikana: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote, na matunda na mboga vifike angalau gramu 400.

Uzee unahitaji mjadala mrefu zaidi, kwa kuwa ndipo ushauri unaomfaa mtu mzima unapoweza kumdhuru mgonjwa. Mzee huhitaji nishati pungufu kidogo, lakini mahitaji yake ya protini hupanda: angalau gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, na gramu 1.2 hadi 1.5 anapougua. Hisia ya kiu hufifia, kwa hiyo kumsubiri aombe maji ni kumwacha akauke. Meno hupungua, dawa nyingi hukausha kinywa au huondoa hamu ya kula, na tumbo hufyonza vitamini B12 kwa shida. Misuli yake inaweza kuwa imekwisha huku mafuta yakiuficha upungufu huo, hata mtu akaonekana mnene ilhali hawezi kuinuka kitini bila kushikwa. Ukimwandikia mzee wa namna hiyo mlo wa kupunguza uzito kwa sababu tu mizani imeonyesha namba kubwa, anaweza kupoteza misuli michache iliyobaki.

Hatua ya 2: Pima hali ya lishe siku ya kulazwa

Chombo kinachotumika sana kwa watu wazima ni MUST, kipimo cha alama cha kutambua hatari ya utapiamlo, ambacho huhitaji mambo matatu tu. La kwanza ni uwiano wa uzito na urefu (BMI), yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: zaidi ya 20 ni alama 0, kati ya 18.5 na 20 ni alama 1, na chini ya 18.5 ni alama 2. La pili ni uzito uliopotea bila kukusudia katika miezi 3 hadi 6 iliyopita: chini ya asilimia 5 ni alama 0, asilimia 5 hadi 10 ni alama 1, na zaidi ya asilimia 10 ni alama 2. La tatu ni ugonjwa mkali ambao umemzuia, au unatarajiwa kumzuia, kula chochote kwa zaidi ya siku 5, ambao huongeza alama 2. Jumla ya 0 ni hatari ndogo, 1 ni ya kati, na 2 au zaidi ni kubwa.

Mgonjwa asiyeweza kusimama hupimwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na jedwali maalumu hutoa makadirio ya urefu wake. Aliyevimba miguu au tumbo kwa maji anaweza kuonyesha uzito wa uongo, hivyo mzunguko wa mkono wa juu ni kipimo cha kuaminika zaidi kwake. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko huo ukiwa chini ya milimita 115 ni dalili ya utapiamlo mkali, na kati ya 115 na pungufu ya 125 ni utapiamlo wa kadiri. Uvimbe wa miguu yote miwili unaotokana na utapiamlo ni hali kali hata kama utepe unaonyesha namba nzuri. Pasipo mizani wala utepe, muulize mgonjwa au ndugu zake kama nguo, mkanda au pete vimelegea. Majibu ya swali hilo yanaaminika kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Kokotoa mahitaji, kisha angalia kama ni salama kuyafikia mara moja

Kwa wagonjwa wengi wazima, makadirio ya kuanzia ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku, pamoja na protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili huhitaji protini zaidi, na mwenye vidonda vya kulalia huhitaji kilokalori 30 hadi 35 kwa kilo.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mwanamke wa miaka 74 aliyevunjika nyonga, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 46; miezi mitatu iliyopita alikuwa na kilo 52. Uwiano wake ni takriban 18, ambao ni alama 2. Amepoteza kilo 6 kati ya 52, yaani zaidi ya asilimia 11, ambazo ni alama 2 nyingine. Alama 4 zinamweka katika hatari kubwa. Kwa kilokalori 30 kwa kilo anahitaji takriban 1,380 kwa siku, na protini ya gramu 55 hadi 69. Kwenye faili lake pameandikwa mlo usio na sukari, usio na chumvi na wenye mafuta machache. Chakula hicho hakina ladha kwake, kwa hiyo anakula nusu tu, na nusu ya kile kidogo haifikii hata kilokalori 700. Kinachomtishia mwanamke huyu kwa sasa ni njaa. Sukari yake ya damu inaweza kudhibitiwa kwa kurekebisha dawa, lakini mfupa na kidonda cha upasuaji haviungani bila protini.

Hata hivyo, kumjazia sahani ghafla kuna hatari yake. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu huwa amepoteza akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu; wanga unaporudi kwa wingi, insulini huyasukuma madini hayo ndani ya seli, viwango vyake katika damu huporomoka, na moyo unaweza kusimama. Jambo hili lilionekana wazi mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale watu waliotolewa katika njaa kali walipofariki baada ya kuanza kulishwa. Dalili za hatari hii kuwa kubwa ni pamoja na uwiano wa chini ya 16, kupoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito, au kutokula karibu chochote kwa zaidi ya siku 10. Dalili ndogo mbili zikikutana, kama uwiano wa chini ya 18.5 na upotevu wa zaidi ya asilimia 10, hesabu huwa ileile. Na mwanamke wa mfano wetu anazo zote mbili.

Miongozo ya Uingereza hupendekeza wagonjwa wa kundi hili waanzishiwe kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo kwa siku na waongezwe polepole kwa siku 4 hadi 7, huku thiamini (vitamini B1) ikitolewa kabla ya chakula kuanza na madini ya damu yakipimwa kila siku. Kwa kuwa mwanamke huyu tayari anakula kiasi fulani, haitakuwa busara kumpunguzia. Timu ipime madini, itoe thiamini, irekebishe upungufu uliopo, kisha iongeze kidogo kidogo kutoka pale alipo.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupitia njia ileile kwa maziwa maalumu: kwanza F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100 na protini kidogo, kwa vipimo vidogo kila baada ya saa 2 hadi 3 usiku na mchana. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, huhamishiwa F-100 au chakula tiba kilicho tayari kuliwa. Madini ya chuma husubiri hadi aanze kuongezeka uzito, kwa kuwa yakitolewa mapema yanaweza kuzidisha maambukizi.

Hatua ya 4: Chagua mlo wa tiba, na kila katazo lipewe sababu

Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kila kinachokatazwa kiwe na sababu iliyoandikwa na tarehe ya kukaguliwa upya. Makatazo hurundikana: moja la daktari wa moyo, jingine la daktari wa figo, la tatu la jirani, na mwisho mgonjwa hubaki na chakula kisichozidi aina tatu.

Katika kisukari, jambo la msingi ni kiasi cha wanga na kulinganisha nyakati za milo na dawa. Hakuna haja ya chakula cha pekee kilichotengwa na cha familia. Nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga hupandisha sukari polepole zaidi kuliko vinywaji vitamu na unga uliokobolewa. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita na mgonjwa anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, apimwe tena baada ya dakika 15, na dozi irudiwe ikiwa haijapanda. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni. Muuguzi ahakikishe chakula kimefika kabla ya kuchoma insulini ya mlo, kwa sababu mlo ukichelewa saa moja baada ya sindano, sukari inaweza kushuka kwa hatari.

Shinikizo la damu hushuka kwa kupunguza chumvi na kuongeza matunda, mboga, kunde na maziwa yenye mafuta machache. Sehemu kubwa ya chumvi inaweza kuwa imejificha katika vyakula vya viwandani, supu za pakiti na viungo vya kukolezea, hivyo kuondoa kikopo cha chumvi mezani hakutoshi. Mgonjwa wa moyo ulioshindwa apimwe uzito kila asubuhi; kupanda kwa kilo mbili ndani ya siku chache karibu kila mara ni maji, na daktari ajulishwe.

Figo ndipo makosa yanapokuwa mengi, kwa sababu ushauri hubadilika kadiri ugonjwa unavyobadilika. Kabla ya kuanza kusafishwa damu kwa mashine, protini hudhibitiwa, kwa kawaida isizidi gramu 0.8 kwa kilo. Akishaanza kusafishwa, mahitaji hupanda hadi gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, kwa kuwa sehemu ya protini hupotea katika usafishaji wenyewe. Mgonjwa aliyezoea kuambiwa aogope nyama na mayai huendelea kuogopa, akadhoofu, na hakuna anayemweleza kwamba sheria imegeuka. Potasiamu ibanwe pale tu kipimo cha damu kinapoonyesha imepanda, na hata hapo kwanza zichunguzwe dawa anazotumia, ukosefu wa choo na asidi ya damu. Kukata mboga na viazi vipande vidogo, kuvichemsha kwa maji mengi na kumwaga maji hayo hupunguza potasiamu kwa kiasi kikubwa. Chumvi mbadala zinazouzwa kama salama kwa wenye shinikizo la damu mara nyingi zina kloridi ya potasiamu, na kwa mgonjwa wa figo zinaweza kuua. Fosfeti inayoongezwa viwandani hufyonzwa kwa wingi kuliko ile iliyo ndani ya kunde, na dawa za kuifunga fosfeti hazina maana zikimezwa mbali na chakula.

Kwa ini lililosinyaa, mazoea ya zamani yalikuwa kumnyima mgonjwa protini ili asichanganyikiwe akili. Mazoea hayo yameachwa. Sasa hupendekezwa gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, hata kwa aliyewahi kuchanganyikiwa, pamoja na kitafunio cha wanga kabla ya kulala, kwa sababu ini lake halina akiba ya kumvusha usiku na mwili huanza kuteketeza misuli.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo nguvu yake hubadilishwa na vitamini K ya mboga, hahitaji kukatazwa mboga za majani. Anachohitaji ni kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki ili dozi isiyumbe. Mwenye ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo hudhurika kwa gluteni iliyo katika baadhi ya nafaka, ndiye ambaye katazo lake ni la maisha yote na halina kiasi kidogo kinachoruhusiwa: ngano, shayiri na rai ziondoke kabisa, pamoja na vijiko na mafuta yaliyogusana nazo.

Hatua ya 5: Amua ulaini wa chakula na uzito wa vinywaji

Mgonjwa wa kiharusi asipewe chakula, kinywaji wala kidonge kabla ya kupimwa uwezo wa kumeza. Kikohozi wakati wa kula, sauti inayolowa baada ya kunywa au homa zinazojirudia huashiria kwamba chakula kinaingia njia ya hewa, ingawa kwa baadhi ya wagonjwa kinaingia kimyakimya. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI hugawa ulaini katika viwango 0 hadi 7: vinywaji ni 0 hadi 4, na vyakula ni 3 hadi 7. Kiwango cha 4 ni chakula kilichosagwa kisicho na bonge. Cha 5 kina vipande vya milimita 4 kwa mtu mzima, ambazo ni takriban nafasi kati ya meno ya uma. Cha 6 ni laini, kwa vipande visivyozidi milimita 15. Maneno "mlo laini" peke yake yaepukwe, kwa kuwa kila mpishi huyaelewa kivyake. Kila chakula kisagwe peke yake ili mgonjwa atambue anachokula, na kiongezewe maziwa, mafuta au yai badala ya maji matupu.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kulisha

Mdomo hutangulia, mpira wa kulishia hufuata, na mshipa hutumika pale utumbo unaposhindwa kufanya kazi. Mpira wa puani uthibitishwe kwa kupima asidi ya majimaji yaliyovutwa, ambayo kipimo chake cha pH kinapaswa kuwa 5.5 au chini, au kwa picha ya eksirei. Kusikiliza hewa tumboni kwa stethoskopu si uthibitisho, kwani sauti hiyo inaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye mapafu. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha na kwa muda baada yake, na mpira usafishwe kwa maji kabla na baada ya kila dawa. Kabla ya upasuaji uliopangwa, mtu mzima huacha chakula saa 6 na maji matupu saa 2. Kumlaza na njaa tangu jioni hadi mchana wa kesho yake kwa sababu ratiba imesogezwa ni kumdhoofisha bila sababu.

Hatua ya 7: Simamia mlo na uandike kilicholiwa

Mgonjwa akalishwe wima, avae meno na miwani yake, anawishwe mikono, na chombo cha haja kiondolewe kitandani. Ziara za madaktari na vipimo visivyo vya dharura visubiri. Anayelishwa apewe muda wa kumeza kabla ya kijiko kingine, na anayemlisha aketi usawa wa macho yake. Sahani inaporudi, andika robo, nusu, robo tatu au yote. Neno "amekula" halimsaidii mtu yeyote. Nusu au pungufu kwa siku tatu mfululizo ni sababu ya kumwita mtaalamu wa lishe, na pima uzito tena kila wiki. Kwa asiyemaliza sahani, milo midogo sita yenye nishati nyingi hufanikiwa kuliko mitatu mikubwa.

Kwa mgonjwa aliye katika siku za mwisho, makatazo mengi huondolewa. Kijiko cha kitu anachokipenda, kinywa kilicholowanishwa na ndugu walioelezwa kwamba kupungua kwa njaa ni sehemu ya mwendo wa ugonjwa vina manufaa kuliko kumlazimisha.

Hatua ya 8: Andaa kuruhusiwa kabla ya siku yenyewe

Muulize ni nani anayepika nyumbani, kisha mpe maelekezo mtu huyo, kwa vipimo vya kijiko na kikombe badala ya gramu. Andika ni makatazo yapi yanaendelea, yapi yamekwisha, na ni lini kila moja litakaguliwa tena. Mgonjwa aliyewekewa vinywaji vizito au chakula kilichosagwa apangiwe siku ya kupimwa upya uwezo wa kumeza, kwa sababu wengine hupona na kuendelea kusagiwa chakula kwa miezi kwa kuwa hakuna aliyerudi kulifuta agizo.